Nimepewa niliyoyaomba, mbona siridhiki?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka tangu ujana wangu, na mengi niliyoyaomba wakati ule Mungu amenipa: mume mwema, watoto wawili, kazi isiyonilaza njaa. Lakini siku zangu zinafanana mno. Naamka, naandaa watoto, naenda kazini, narudi, napika, nalala. Nikishika simu nikaona wenzangu niliosoma nao walikofika, moyo unaninyong'onyea, na siku nyingine nawafokea watu wa nyumbani bila sababu. Nikimweleza mtu, naambiwa nishukuru, wapo wenye shida kuliko mimi. Basi nabaki na mizigo miwili, kutoridhika na aibu ya kutoridhika. Je, imani yangu ina kasoro? Na kuna kazi nyingine nimeona imetangazwa, naitamani. Nikiiomba, si ndiko kutoridhika kwenyewe?

Jibu: Ameni, dada yangu. Nianze na hiyo aibu, maana hiyo ndiyo inayoziba njia ya mengine yote. Mwenye aibu haombi sawasawa. Humwendea Mungu akiwa amejipanga, akasema maneno yanayofaa kusemwa, akainuka na kinyongo chake kilekile. Ukiweza kuiweka aibu pembeni kwa muda wa kulisoma jibu hili, tutakuwa tumepiga hatua.

Mtu tunayemnukuu kuliko wote katika jambo hili ni mtume Paulo, naye anasema: "nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo" (Wafilipi 4:11). Amejifunza. Hakuzaliwa akiwa radhi, wala hakupewa moyo huo siku ile alipoangushwa chini njiani kuelekea Dameski. Aliyaandika hayo akiwa mfungwa, miaka mingi baada ya kuitwa, akiwa amekwisha kupigwa viboko na mawe, kuvunjikiwa na merikebu, na kusemwa vibaya na baadhi ya makanisa aliyoyazaa mwenyewe. Kama mtume alifundishwa jambo hili taratibu, sioni kwa nini wewe ujihesabu mwasi kwa kuwa hujalimaliza. Kujifunza si kasoro ya imani. Kasoro ingekuwa kukataa kufundishwa.

Sasa soma mstari unaofuata polepole: "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yoyote, na katika mambo yoyote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Sisi wahubiri tumezoea kuufundisha nusu. Tunamwambia mwenye njaa ajifunze kuvumilia njaa, basi. Lakini Paulo anasema hata kushiba alifundishwa, hata kuwa na vingi alifundishwa. Maana yake shibe nayo ni mtihani, na mtu anaweza kufaulu ule wa njaa akaanguka katika huu. Nikiangalia barua yako, naona mtu aliyefaulu wa kwanza. Ulipokuwa huna mume, huna mtoto, huna kazi, uliomba na ukangoja kwa imani. Sasa umeingia darasa jingine, na hakuna aliyekuambia kwamba ni darasa. Ulidhani ni likizo.

Waisraeli walianguka katika mtihani huohuo wa shibe. Mana ilipoanza kushuka ilikuwa ajabu. Walitoka hemani asubuhi, wakakuta juu ya uso wa jangwa kitu ambacho hakuna aliyekijua, wakaulizana ni nini hiki. Soma Kutoka 16. Kisha fungua Hesabu 11, uwasikie watu walewale: "lakini sasa roho zetu zimekauka, hapana kitu chochote, hatuna kitu cha kutumaini isipokuwa hii mana tu." Mana haikuwa imebadilika. Ilishuka kila siku, ikawalisha, na ingeendelea kuwalisha hadi miaka arobaini itimie. Kilichobadilika ni kwamba walikuwa wameizoea. Na ona mazoea yanavyoiharibu hata kumbukumbu ya mtu: wanasema wanawakumbuka samaki waliokula Misri *bure*, pamoja na matango, matikiti na vitunguu. Bure! Watu waliofanyishwa kazi ya matofali chini ya viboko, watu ambao watoto wao wa kiume walitupwa mtoni, leo wanakumbuka mboga. Moyo usioridhika haupotoshi leo peke yake, huenda mpaka jana ukaipaka rangi.

Nakuomba ufanye jambo moja ambalo halihitaji hisia yoyote. Kaa chini, uandike maombi uliyokuwa ukiyaomba miaka ile, kwa maneno yaleyale kadiri unavyoyakumbuka, kisha andika pembeni lipi limejibiwa na limejibiwaje. Usilazimishe furaha. Andika tu. Shabaha ni kuzirudishia siku zako historia yake. Mtoto unayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi ukiwa umechelewa, kuna wakati alikuwa ombi lililokutoa machozi. Akiwa mbele yako kila siku, ni rahisi kulisahau hilo kabisa.

Hapa najua utaniambia: basi Mchungaji nawe umerudi palepale pa "shukuru". La. Yale uliyoambiwa, kwamba ushukuru kwa kuwa wapo wenye shida kuliko wewe, siyaungi mkono, ingawa najua waliosema walikutakia mema. Ukipima hali yako kwa kumtazama aliye chini yako, bado unapima kwa kumtazama mwenzako. Mizani ni ileile, umegeuza upande tu. Na Injili ina mfano wa mtu aliyeshukuru kwa namna hiyo hiyo. Alisimama hekaluni akasema: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine" (Luka 18:11). Alikuwa anashukuru kweli, na hakurudi nyumbani amehesabiwa haki. Isitoshe, shukrani inayojengwa juu ya shida ya mwingine haina msingi. Siku utakayokuwa wewe ndiye wa chini kuliko wote utashukuru kwa lipi? Na yule mwenye shida, akikusikia umemfanya kipimo cha baraka zako, atajisikiaje? Waambie wanaokushauri hivyo asante, lakini usiubebe ushauri wao.

Shukrani ya Kikristo haina mtu wa kumlinganisha. Ina mtoaji na mpokeaji. Ndiyo maana inaweza kuwapo gerezani.

Tuje kwenye simu. Unasema moyo unanyong'onyea ukiona wenzako walikofika. Hili lina picha yake katika sura ya mwisho ya Yohana, na kila nikiisoma nacheka kidogo, kwa sababu Petro ni sisi kabisa. Bwana amefufuka. Amemrejesha Petro kwa upole baada ya kukanwa mara tatu, amemkabidhi kondoo, amemdokezea hata kifo atakachokufa. Ni saa kubwa kuliko zote maishani mwake. Petro anafanya nini? Anageuka, anamwona yule mwanafunzi mwingine akifuata, anauliza: "Bwana, na huyu je?" Jibu alilopewa ni fupi na halina sukari: "Ikiwa nataka huyu akae hata nijapo, imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi" (Yohana 21:22).

Angalia ambacho Yesu hakufanya. Hakumwambia Petro kwamba Yohana naye atateseka, ili apoe. Hakumpa taarifa yoyote ya Yohana. Alimkatalia kabisa habari za mwenzake na kumrudishia njia yake. Simu hufanya kinyume chake, hukujibu "na huyu je" mara mia kwa siku, tena kwa picha zilizochaguliwa. Wazee walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Unaijua jikoni kwako hadi sufuria iliyoungua, halafu unailinganisha na sebule ya mwenzako iliyopangwa kwa ajili ya picha.

Lakini nisiishie kwenye udanganyifu wa picha, kwa kuwa mara nyingine wenzetu wamefanikiwa kweli, na uchungu wetu haupungui kwa kujifariji kwamba huenda wanaigiza. Hapo ndipo penye kazi ya imani hasa. Katika Mathayo 20, watu walioajiriwa asubuhi walipatana dinari moja kwa siku, wakaifurahia asubuhi hiyo. Jioni walipewa dinari ileile wakaichukia, kwa sababu moja tu, waliokuja saa ya mwisho walipewa sawa nao. Hakuna senti iliyopungua. Mwenye shamba anawauliza: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Jambo linalotuuma, tukilichimba mpaka chini, si kwamba Mungu ametunyima. Ni kwamba amekuwa mwema kwa mwingine bila kutuomba ushauri.

Ndiyo sababu kuridhika hakuwezi kutenganishwa na namna unavyomwona jirani. Katekisimu Fupi ya Westminster, iliyotungwa mwaka 1647, inapoeleza amri ya kumi, "Usitamani", inasema amri hiyo inatutaka turidhike kikamilifu na hali yetu wenyewe, na papo hapo inaongeza tuwe na moyo wa haki na upendo kwa jirani na vyote alivyo navyo. Waliyafunga mambo hayo mawili pamoja, na katika miaka niliyokaa na watu nikisikiliza mambo ya namna hii nimeona walikuwa sahihi. Sijapata kumwona mtu aliyeridhika na maisha yake huku akiyanunia maisha ya jirani.

Basi dawa ninayowapa watu hapa ni chungu, na wengi huikataa mara ya kwanza. Mtaje kwa jina, mbele za Mungu, yule ambaye mafanikio yake yanakuuma kuliko ya wengine wote. Mmoja tu, usikusanye kundi. Kisha mwombee azidishiwe kilekile kinachokuuma. Kama ni cheo, aimarike katika cheo hicho. Kama ni nyumba, akae humo kwa amani na watoto wake. Siku za kwanza midomo itasema na moyo utabishana. Usijali, endelea. Maombi ya namna hii hayakusubiri upendo, huulea. Na sambamba na hilo, punguza kushika simu katika saa ambazo moyo ni mwepesi kuumia. Kwa wengi ni usiku kabla ya kulala, mwili ukiwa umechoka na akili haina mlinzi. Sikuambii uifute mitandao. Wengine wanaweza, wengine kazi zao ziko humo.

Sasa lile la siku kufanana. Pengine unadhani ni tatizo la zama zetu. Evagrio wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliandika juu ya wazo baya linalomjia mtawa kuanzia kama saa nne hadi saa nane za mchana. Jua linaonekana halisogei. Siku inakuwa ndefu mno. Mtawa anachungulia dirishani kuona kama kuna ndugu anakuja. Anaanza kukichukia chumba chake, na kazi ya mikono yake, na maisha yenyewe, kisha anaanza kuwaza mahali pengine ambako ingekuwa rahisi zaidi kumpendeza Mungu. Watawa waliliita pepo la adhuhuri, jina walilolitoa katika Zaburi ya 91, panapotajwa "uele uharibuo adhuhuri." Badilisha chumba cha mtawa uweke ofisi, na dirisha uweke simu, halafu uniambie kama hakukuandika wewe.

Ninachokipenda kwa Evagrio ni kwamba hakulichukulia jambo hili kama upuuzi wa mtu mvivu. Alilihesabu kuwa zito kuliko mawazo mabaya mengine yote, na akashauri mtu asikimbie chumba chake wakati limemshika. Kuhama si dhambi. Ila uamuzi unaofanywa wakati huo hauaminiki, kwani utasafiri na moyo uleule.

Antonio wa Misri, mtawa aliyemtangulia na kufariki mwaka 356, alishikwa na hali hiyohiyo. Masimulizi ya watawa yanasema alimlalamikia Mungu kwamba anataka kuokoka lakini mawazo hayamwachi. Akatoka nje kidogo, akamwona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba, kisha akainuka kuomba, kisha akaketi kusuka tena, kisha akainuka tena kuomba. Alikuwa malaika, na akamwambia afanye vivyo hivyo ataokoka. Hakuna maono ya mbingu kufunguka hapo, wala huduma mpya. Kusuka na kuomba, kuomba na kusuka. Mwanzoni nilipoyasoma masimulizi haya niliyaona makavu. Siku hizi nayaona kuwa ya huruma sana, kwa maana Mungu hakumpa Antonio maisha mengine, alimwonyesha jinsi ya kuyaishi yaleyale vizuri.

Na ukitaka ushahidi mkubwa kuliko wa watawa, mtazame Bwana mwenyewe. Luka anasema alipoanza kufundisha alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Kabla ya hapo tuna habari za kuzaliwa, kukimbilia Misri, safari moja ya hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, na baada ya hapo kimya. Nazareti. Watu wa mji wake walimjua kwa useremala. Siku zake nazo zilifanana. Na sauti ya Baba, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe," ilisikika pale Yordani kabla hajamponya mgonjwa hata mmoja hadharani. Baba alipendezwa naye akiwa ametoka wapi? Karakana. Miaka hiyo ya kawaida haikuwa ya kupoteza muda akingoja maisha yaanze.

Kwa hiyo usitafute kuondoa marudio katika siku zako. Utashindwa, na watoto watataka kula kesho pia. Jaribu kuyafungamanisha marudio na sala, kwa namna ndogo isiyochosha. Shughuli ile unayoichukia kuliko zote, iambatanishe na ombi moja fupi, lilelile kila siku, mpaka mikono yenyewe ikianza kazi midomo inafuata. "Utupe leo riziki yetu" inatosha. Yesu aliweka *leo* katika sala hiyo, na mana nayo ilikuwa ya leo: pishi moja kwa kila kichwa, na aliyejiwekea akiba hadi asubuhi alikuta mabuu, isipokuwa siku ya sita ambapo waliokota mara mbili kwa ajili ya Sabato. Mengi yanayotunyima raha hayamo katika siku ya leo. Ukiyachunguza utakuta yamekuja kutoka mwaka kesho au kutoka ujana wetu, na neema ya leo haikupimwa kwa ajili ya hayo.

Hiyo siku ya sita naitaja makusudi. Sabato ilikuwa zoezi la kuridhika kabla ya kuwa sheria ya mapumziko. Mtu anaacha kazi haijaisha, anakaa chini, na dunia haianguki. Je, una siku au hata nusu siku katika juma ambayo huzalishi chochote? Sizungumzii ibada unayoihudumia kuanzia asubuhi ukarudi umechoka kuliko ulivyokwenda. Nazungumzia kukaa. Akina mama wengi waliookoka hawana siku hiyo, na sisi wachungaji tumechangia, kwa kuwajaza ratiba na kuiita kujitoa. Kaa na mumeo mwone ni nani atashika nini ili uipate. Mtu asiyepumzika huona kila kitu kimepungua, na uchovu hujifanya kutoridhika mpaka mwenyewe asitambue tofauti.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo sitaki ulifanye kwa kunitii mimi: kujifanya umeridhika. Hana, katika 1 Samweli 1, alikuwa na mume aliyempenda na kumpa sehemu mara mbili. Alipolia, mumewe akamwuliza, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Masikini Elkana, alikuwa anahubiri kuridhika bila kujua. Hana hakumjibu. Alikwenda akaumimina moyo wake mbele za Bwana kwa uchungu kiasi kwamba kuhani alidhani amelewa. Na Biblia inasema baada ya hapo "akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena." Huo ni mstari wa 18. Samweli anakuja mstari wa 20. Uso ulifunguka kabla ya tumbo kufunguka, kwa sababu alikuwa amesema yote kwa mtu wa kuambiwa. Asafu katika Zaburi ya 73 vivyo hivyo, alikiri wivu wake waziwazi, akasema miguu yake ilikaribia kupotoka, na moyo ukatulia alipoingia katika patakatifu pa Mungu, akiwa bado hajaona lolote likibadilika nje. Mwambie Mungu kwamba umechoka na maisha aliyokupa. Tumia maneno hayohayo. Hatashtuka.

Daudi ana zaburi fupi, ya 131, mistari mitatu tu, inayofananisha nafsi iliyotulia na "mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Hakuchagua mtoto anayenyonya. Anayenyonya hutulia akishiba, kisha hulia tena. Aliyeachishwa amepita kwenye vilio vya kunyimwa, na sasa amejilaza kifuani palepale bila kudai maziwa, kwa kuwa anamtaka mama mwenyewe. Ukiniuliza kuridhika kwa Kikristo ni nini, nitakupa zaburi hiyo. Na kama umelea, unajua kuachisha hakufanyiki kwa siku moja, wala hakufanyiki kimyakimya.

Mambo mawili ya tahadhari, nayasema kwa kifupi. Kwanza, kama huo unyong'onyevu umekaa majuma mawili au zaidi karibu kila siku, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakina ladha, na yale uliyoyapenda hayakuvuti tena, nenda hospitali ukamweleze daktari. Ikiwa unawaza afadhali ungekufa, usingoje hata hayo majuma, mwambie mumeo leo na mwende. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, una tiba, na kutibiwa hakupunguzi wokovu. Pili, mafundisho haya hayamhusu mtu anayeonewa. Mwenye kupigwa nyumbani au kunyimwa mshahara wake asiambiwe aridhike. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na Bwana anasikia. Sioni dalili za hayo katika barua yako, ila wapo wengine watakaosoma.

Ukali nyumbani usiuache hivihivi. Ulipomfokea mtoto bila sababu, mwombe msamaha, hata kama ni mdogo. Halafu mshukuru mumeo kwa jambo moja mahususi kila inapowezekana, kwa sauti, mbele ya watoto. Paulo akiwa kifungoni hakuishia kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Aliwaandikia Wafilipi kuwaambia kwamba walifanya vema kushiriki dhiki yake, na akamtaja Epafrodito aliyeleta msaada wao. Na toeni kitu, ninyi wawili, hata kidogo, kwa mtu asiyeweza kuwarudishia. Paulo alipowahimiza Wakorintho wawachangie watakatifu wa Yerusalemu, alirudi kwenye mana ile ile: "Aliyekusanya vingi hakuzidiwa, wala aliyekusanya vichache hakupungukiwa" (2 Wakorintho 8:15). Anayetoa hugundua, kwa mikono yake mwenyewe, kwamba alikuwa na zaidi ya alivyofikiri.

Na ile kazi iliyotangazwa? Iombe. Paulo yule aliyemwambia mtumwa asihuzunike kwa kuitwa akiwa mtumwa, alimwambia papo hapo kwamba akiweza kuwa huru, afadhali autumie uhuru huo (1 Wakorintho 7:21). Ila usiandike barua ya maombi saa ya pepo la adhuhuri. Ngoja siku umelala vizuri, umesali, na huna hasira na mtu ofisini. Soma tangazo tena. Jiulize: kama hakuna hata mmoja wa niliosoma nao angejua nimeipata kazi hii, ningeitaka bado? Kama jibu ni ndiyo, zungumza na mumeo kuhusu saa za kazi na watoto, andaa vyeti vyako, tuma kabla tarehe ya mwisho haijapita, kisha kesho yake nenda kwenye kazi uliyo nayo uifanye vizuri. Ukiitwa kwenye usaili nijulishe, nitakuombea kwa jina.